Asubuhi Uandishi wa Habari, Alasiri Ubalozi

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti nikiwa nimelowa hadi magotini. Mvua ya Kisii haimngoji mgeni afike. Kampasi yetu haikuwa na lango wala bustani kama mnavyodhani chuo kikuu kinavyopaswa kuwa. Ilikuwa orofa mbili za kukodi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ngazi zake zilinuka rangi. Nilipofika juu nilikuta ukumbi mwembamba wenye milango miwili inayotazamana. Mmoja uliandikwa Uandishi wa Habari, wa pili Uhusiano wa Kimataifa. Katikati paliwekwa meza moja isiyo na kiti, na meza hiyo ndiyo ilikuwa ofisi yangu.

"Wewe ndiwe mratibu?" aliniuliza Mkuu wa Idara. Alikuwa Mtaita mrefu, mhariri wa gazeti kule Nairobi kabla hajaja kufundisha.

"Ndimi, Bwana Mkuu."

"Umesoma masomo yote mawili kweli, au ulisoma moja, la pili ukalisikia?"

Nilimwambia nimeyasoma yote mawili kwa pamoja, tena nikiwa mtu mzima mwenye watoto, baada ya kuripoti habari za redio kwa miaka mingi. Akanitazama kwa huruma.

"Basi Mungu akusaidie. Mimi nawafundisha hawa watoto kusema. Yule jirani yangu anawafundisha kunyamaza. Kazi yako ni kuhakikisha hawapagawi."

Mlango wa pili ukafunguka, akatoka mzee mfupi wa Machakos, suti yake imepigwa pasi ikasimama yenyewe. Huyu alikuwa balozi mstaafu. Alikuwa ameiwakilisha nchi yetu ng'ambo hadi nywele zikawa nyeupe, na kampasi nzima tulimwita Balozi tu. "Usimsikilize, Bi Nyanchama," aliniambia. "Sifundishi kunyamaza. Nafundisha kungoja." Kisha akaniletea kiti kutoka ofisini mwake, na siku hiyo alifundisha amesimama. Niliwapenda wazee wale wawili, na nalisema hili mapema ili mtakapoona nawacheka mjue ni kicheko cha namna gani.

Niwaeleze sasa kazi yenyewe. Wengine kampasini walisoma uandishi wa habari peke yake, na wengine uhusiano wa kimataifa peke yake. Wangu walisoma yote mawili kwa shahada moja. Asubuhi walikuwa wa Mkuu. Mkuu alikuwa na kalamu nyekundu na chuki kubwa dhidi ya vivumishi. Aliwafundisha kwamba aya ya kwanza ya habari hubeba maswali matano: nani, nini, wapi, lini, na kwa nini. Aliwafundisha makataa, yaani saa ya mwisho ya kuwasilisha habari, na hakuwa na msamaha kwa aliyechelewa. "Habari ikichelewa inageuka kuwa historia," alisema, "na Idara ya Historia iko kampasi kuu. Peleka huko."

Alasiri, wakiwa wameshiba githeri ya mahindi na maharagwe, na usingizi unawanyemelea, walivuka ukumbi kwenda kwa Balozi. Huko walijifunza itifaki, yaani utaratibu wa nani aketi wapi, nani asalimiwe kwanza na nani aingie mwisho. Walijifunza kuandika tamko la pamoja, ule waraka ambao pande mbili huutoa baada ya mazungumzo kueleza zimeafikiana nini, hata kama zimeafikiana kidogo tu. "Mkisoma kwamba mazungumzo yalikuwa ya kina," Balozi aliwaambia, "jueni watu walipigiana meza."

Wanafunzi wangu walichanganyikiwa, nani angewalaumu? Kijana mmoja alitumwa Ekerenyo kuandika habari ya bodaboda aliyemgonga ng'ombe sokoni. Akarudi na habari isemayo kwamba pande zote mbili zilisikitishwa na tukio hilo na kuahidi kuimarisha ushirikiano. Mkuu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Ng'ombe alisema nini hasa?" Wiki hiyohiyo msichana mmoja alipewa na Balozi zoezi la kumwandikia waziri wa nchi jirani barua ya kumsihi afungue mpaka. Barua yake ilianza hivi: "Imebainika kwamba Mheshimiwa hana msimamo." Balozi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Huyu," aliniambia, "ameshatuingiza vitani."

Kazi yangu ilikuwa kuketi na hawa vijana kwenye meza ile ya ukumbini na kuwaonyesha mahali milango miwili inapokutana. Ukweli ni kwamba mara nyingi hata mimi sikupaona. Wazazi nao walinibana. Baba mmoja mkulima wa chai kutoka Nyacheki alikuja na bintiye siku ya usajili, kofia mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, huyu akimaliza atakuwa nani? Maana nikiulizwa kanisani nataka kuwa na jibu." Nilimpa jibu refu lenye maneno kama utandawazi. Aliitikia kwa adabu kila neno, na nikajua hakuna hata moja analokwenda nalo kanisani.

Baadaye nilihamishwa Nyamira, ambako chuo kilifungua kituo kidogo chenye madarasa machache na redio ya wanafunzi. Redio hiyo ilisikika vilima vyote vya karibu, na ikaunganishwa na studio ya Kisii ili Mkuu aweze kuisikiliza na kukasirika. Aliyenisimamia huko alikuwa Mkurugenzi wa Kituo, mama Msabato aliyeshika funguo zote kiunoni. Ijumaa jua likianza kuteremka alipita akigonga milango. "Fungeni redio, dunia itakuwepo Jumapili." Na kweli Jumapili tuliikuta ipo.

Nikiwa Nyamira ndipo lilipotokea jambo la Magwagwa, na ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu.

Magwagwa ni soko letu la mpakani. Ukiteremka kidogo kutoka pale unaingia kwa jirani zetu Waluo wa upande wa ziwa, na tangu zamani akina mama zao hupanda na samaki na omena, wale dagaa wa ziwani, nao wetu huteremsha ndizi, mboga na wimbi. Nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba kwetu mambo ya nje huanzia hapo. Sasa sokoni pakajengwa banda jipya la mabati. Wenye ndizi waliwahi asubuhi wakalijaza lote. Wenye omena walipofika wakakaa nje, mvua ikanyesha, na omena ikinyeshewa imekwisha. Maneno yakatupwa huku na huku, mengine ya kwenda hadi kwa mababu. Siku ya soko iliyofuata akina mama wa samaki hawakupanda. Walianzisha gulio lao chini kwenye njia panda, na wanunuzi wa ndizi wakabaki nao huko.

Aliyeumia zaidi katika macho yangu alikuwa mamake Moraa. Moraa alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Magwagwa, msichana wa maneno machache na masikio makubwa. Mamake aliuza ndizi, na karo ya Moraa ilitoka kwenye mikungu hiyohiyo. Juma baada ya juma ndizi ziliiva zikaanguka zenyewe, mbuzi wakala. Soko lisiporudi, Moraa angerudi nyumbani. Hakuniambia. Niliambiwa na Mkurugenzi, ambaye funguo zake zilifungua mengi.

Chifu wa pale akatuandikia kuomba msaada. Alikuwa amesikia kwamba tunafundisha upatanishi. Balozi alifurahi kama aliyeitwa tena kazini. Alipanga kikao kifanyike katika ukumbi wa kanisa, wanafunzi wa mwaka wa tatu wawe sekretarieti, yaani wale wanaoandaa kikao na kuandika yanayosemwa. Moraa akapewa kazi ya kuripoti kwa ajili ya redio. Mpango wa nani aketi wapi aliuchora kijana mmoja tuliyemwita Brayo, mtoto wa Nairobi, mwerevu sana, aliyejifunza itifaki mpaka akaiota. Alichora meza ndefu, Magwagwa upande huu, wenye samaki upande ule. Kiongozi wa kila ujumbe katikati, msemaji wake bega kwa bega naye. Kiongozi wetu alikuwa Mwenyekiti wa soko, mzee mpole mwenye kofia ya kijivu. Msemaji wa wauza ndizi alikuwa Mama Kerubo, mama mkubwa kwa umri na kwa sauti.

Mimi sikwenda. Nilibaki Nyamira kusahihisha mitihani, redio imewashwa kando yangu. Taarifa ya saa kumi ikaja, na nikaisikia sauti ya Moraa ikisoma kwa simu kutoka Magwagwa bila kutetemeka: "Mwenyekiti wa soko la Magwagwa leo aliondoka ghafla katika kikao cha upatanishi, kabla upande wa pili haujapewa nafasi ya kuzungumza." Nikaweka kalamu chini.

Walifika kituoni jioni hiyo, wanafunzi wamenywea. Balozi ndiye aliyenieleza yaliyotokea. Watu waliketi, sala ikaombwa, na kabla ya salamu kwisha Mwenyekiti akainuka, akavaa kofia, akatoka bila neno. Wenye samaki wakatazamana. Kiongozi wao, Mama Akinyi, akauliza kwa nini wameitwa kama wenyewe hawawataki. Wakafunga leso zao wakateremka. Njiani wakasikia redio ikithibitisha.

"Kutoka kikaoni ni kauli, Bi Nyanchama," alisema Balozi. "Katika kazi yetu, kiongozi wa ujumbe akitoka amevunja mazungumzo. Nilibaki na nini cha kushika?"

Mkuu naye alikuwa amepanda gari kutoka Kisii, maana studio ilikuwa imepigiwa simu za matusi kutoka pande zote mbili. Lakini alikuja kumtetea mwanafunzi wake. "Habari ilikuwa sahihi. Alitoka au hakutoka? Alitoka. Ningelifuta neno 'ghafla' tu, ni kivumishi kilichovaa nguo nyingine."

Mimi niliuliza swali moja. "Mwenyekiti mlimketisha karibu na nani?"

Brayo akafungua mchoro wake. "Na msemaji wake, Madam. Mama Kerubo. Hivyo ndivyo itifaki inasema."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nikacheka hadi Mkurugenzi akaja kuchungulia. Mama Kerubo ni mamake mkewe Mwenyekiti. Kwetu Abagusii iko heshima inayoitwa chinsoni, na ndani yake mwanamume na mama mkwe wake hawakai benchi moja, hawagusani, hawatazamani machoni, wala hawabishani mbele za watu. Wakikutana njiani mmoja huacha njia. Na hapa chuo kikuu kilikuwa kimewabandika bega kwa bega na kuwataka wapange mashauri kwa kunong'onezana. Mzee wa watu angefanya nini? Hakuwakimbia wenye samaki. Alikimbia aibu.

Balozi alijipiga kwenye paji la uso. "Hata kwetu Ukambani tuna heshima ya wakwe! Nimeketisha mawaziri miaka yote hiyo, sikuuliza nani kamwoa binti wa nani."

Mkuu alimgeukia Moraa, na sauti yake haikuwa ya kalamu nyekundu. "Maswali ni matano. La tano ni lipi?"

"Kwa nini," akajibu Moraa.

"Ulijua kwa nini alitoka?"

"Nilijua, Mwalimu. Kila mtu wa Magwagwa alijua." Machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga. "Sasa ningesema aje? Hiyo si maneno ya kusema redioni. Nilisema chenye kiliruhusiwa kusemwa."

Hapo kicheko kiliniisha. Heshima ileile iliyomtoa mzee ukumbini ndiyo iliyomfunga msichana mdomo. Kila mmoja alikuwa amefanya jambo la adabu kabisa, na matokeo yake soko lilikuwa limekufa mara ya pili, na ndizi za mamake ndizo zitakazooza.

"Basi ni rahisi," alisema Mkuu. "Kesho tunatoa masahihisho. Mwenyekiti aliondoka kwa sababu aliketishwa karibu na mama mkwe wake. Nani, nini, kwa nini. Kwisha."

"Hapana," tulisema mimi na Moraa kwa pamoja.

Nilimweleza. Chinsoni haitajwi kwa majina. Ukisema redioni kwamba fulani alimtoroka mama fulani, umewaketisha tena benchi moja, safari hii mbele ya kaunti nzima. Mwenyekiti hatakanyaga sokoni tena, na Mama Kerubo atafunga mlango wake.

"Basi tunyamaze," alisema Balozi. "Muda utaponya."

"Siku ya soko ni keshokutwa," nilimjibu. "Ndizi hazina muda, Mheshimiwa."

Basi hapo ndipo nilipoona, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kiti, milango miwili ikifunguka kwa wakati mmoja. Tuliketi sote, Moraa akiandika, wazee wakimzunguka. Aliandika sentensi, Mkuu akaifuta. Akaandika nyingine ndefu yenye mila na desturi na utamaduni, Mkuu akasema hiyo ni hotuba ya mgeni wa heshima. Balozi alikuwa amefumba macho. Kisha akasema taratibu, "Binti yangu, sisi mabalozi hatusemi mtu ametoka kukimbia nini. Tunasema ametoka ili nini kiwezekane. Sasa jiulize, yule mzee alipotoka, nini kiliwezekana?"

Moraa akafikiri. "Mama Kerubo angeweza kuongea. Mzee akiwa ndani, mama hangefungua mdomo."

"Andika hivyo."

Akaandika: "Mwenyekiti alitoka nje ili mama aliyekuwa kando yake aweze kuzungumza."

Mkuu akachukua kalamu yake nyekundu. Akasoma mara ya kwanza, akasoma tena. "Aliyekuwa kando yake, ya nini hiyo? Toa." Ikabaki: "Mwenyekiti alitoka nje ili mama azungumze." Akairudisha kalamu mfukoni, na wanafunzi wake wote wanajua maana ya jambo hilo. Lakini hakuiachilia hivyo. "Ni kweli? Au ni nzuri tu? Usitangaze mpaka mwenyewe aseme."

Asubuhi Moraa akampigia Mwenyekiti simu, nami nimesimama karibu. Alimwamkia kwa Ekegusii, akaomba radhi, akamsomea sentensi, sentensi yenyewe tu. Kisha nikasikia sauti ya mzee ikisema, "Ni hivyo. Ongeza kwamba nilisimama dirishani, nikisikia yote." Ikaongezwa. Taarifa ikasomwa asubuhi, mchana na jioni, na neno ghafla likaombewa radhi kwa jina lake.

Siku ya soko tulikwenda wote Magwagwa. Kulikuwa na ukungu wa chai vilimani. Mamake Moraa alipanga ndizi zake, nyingine zimeshaanza madoa. Banda lilikuwa tupu nusu nzima, maana safari hii wetu walikuwa wameacha nafasi. Barabara ya kuteremka ziwani ilikuwa tupu. Mkuu alitazama saa yake, akaitazama tena, mtu wa makataa. Balozi alikaa juu ya gunia la mkaa na suti yake, akingoja. Nilimwangalia yule mama akigeuza ndizi upande wenye madoa chini, na nilimwomba Mungu kama ninavyomwombea mgonjwa.

Wa kwanza kutokea kwenye kona alikuwa Mama Akinyi, beseni kichwani, nyuma yake mstari wa akina mama. Alifika, akatua beseni, akamtafuta Mwenyekiti kwa macho. Alimpata mbali kidogo, kando ya barabara, kwa sababu Mama Kerubo alikuwa ndani ya banda.

"Wewe mzee!" akaita kwa Kiswahili chake kipana. "Sisi tulidhani unatuchukia, kumbe ni adabu! Mbona hamkusema? Unafikiri kwetu mkwe anaweza kaa na mama ya bibi yake benchi moja? Hata kwetu hawezi! Hata chakula hawezi kula mbele yake! Mimi niko na wakwe, wakiniona wanaruka ua!"

Soko likapasuka kwa kicheko, na watu wa pande zote mbili walikuwa wanakicheka kitu kilekile. Mwenyekiti alivua kofia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Kikao kikafanyika palepale, bila mchoro wa Brayo. Akina mama waliketi ndani kwa namna walivyojua wenyewe. Mwenyekiti aliongoza akiwa nje, amesimama nyuma ya nguzo, mgongo kwa banda. Moraa alibeba maneno. Alitoka na swali la Mama Kerubo, akarudi na jibu la Mwenyekiti. Alikwenda na ombi la Mama Akinyi, akarudi na sharti. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Siku za mvua samaki wakae chini ya mabati. Siku za jua wagawane nusu kwa nusu. Ndizi zipewe upande wa barabara, wanunuzi wanaposhukia. Moraa akaandika tamko la pamoja, akalisoma kwa sauti ili hata aliye nyuma ya nguzo asikie. Balozi alisema ni tamko fupi kuliko yote aliyowahi kuyaona. Mkuu aliomba alisome, akatafuta kivumishi, hakupata.

Kabla ya saa sita ndizi za mamake Moraa zilikuwa zimekwisha, hata zile za madoa. Msichana alisimama pale na karatasi yake mkononi akilia waziwazi, na mimi nikalia naye, mwalimu mzima.

Tangu mwaka huo tuliongeza somo katika shahada yetu. Kabla ya kumketisha mtu, mwanafunzi alipaswa kwanza kujua ukoo wake. Kabla ya kuandika 'kwa nini', alipaswa kuuliza itamgharimu nani. Brayo ndiye aliyekuja kulifundisha, na analifundisha vizuri, ingawa bado anachora. Mkuu wa Idara alirudi Taita, Balozi alirudi Machakos, na baada ya miaka kadhaa nami nikamkabidhi mratibu mwingine ile meza ya ukumbini. Moraa yuko katika ofisi ya mawasiliano ya mmoja wa mabalozi wetu ng'ambo. Husikii jina lake popote, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mimi niko Ekerenyo na migomba yangu. Vijana huja kuniuliza kama ni busara kusoma masomo mawili kwa pamoja siku hizi, wakati kila mtu ana simu na kila mtu ni mwandishi. Nawaambia kwamba kwa sababu hiyohiyo wasome. Wengine huniamini, wengine huenda kusoma kompyuta.

Siku moja si nyingi zilizopita nilikwenda Magwagwa kununua omena, nikamkuta Mama Kerubo. Amezeeka, sauti imebaki. Akanivuta nikae naye, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Ile siku redio ilisema mama azungumze, nilikuwa jikoni. Haikusema mama gani. Mkwe wangu ameniheshimu mbele ya watu wote, na kila mtu alijua ni mimi, na hakuna mtu alisema ni mimi." Akatikisa kichwa. "Nilikaa chini nikalia, Mwalimu."

Nilimwambia msichana aliyeiandika nilimfundisha mimi.

"Wacha wewe," akanicheka. "Hiyo alifundishwa kwao."

Sikubishana naye, ni mkubwa wangu. Lakini njiani nilikuwa nikimjibu peke yangu, mfuko wa omena mkononi. Kwao Moraa alifundishwa lipi lisisemwe, na alilishika vizuri hata soko likafungwa. Kwetu chuoni alifundishwa kwamba hata hivyo ni lazima mtu aseme.